Usimamizi wa tembo wa mpakani kati ya Kenya na Tanzania

Usimamizi wa tembo wa mpakani kati ya Kenya na Tanzania ni jumla ya sheria, makubaliano na kazi za uhifadhi zinazohusu makundi ya tembo (huitwa pia ndovu) wanaoishi pande zote mbili za mpaka wa nchi hizo. Makundi hayo hupatikana hasa katika maeneo manne: Serengeti na Maasai Mara, Natron na Magadi, Amboseli na Kilimanjaro Magharibi, na Mkomazi na Tsavo.

Suala hili lilirudi kwenye mjadala mkali kuanzia Septemba 2023, madume wenye pembe kubwa walipoanza kupigwa risasi kwa leseni upande wa Tanzania, karibu na mpaka, baada ya takriban miaka 30 bila uwindaji wa namna hiyo katika eneo hilo. Kenya imepiga marufuku uwindaji wa kitalii tangu mwaka 1977. Tanzania inauruhusu kwa mgawo maalumu. Kwa hiyo tembo yuleyule anaweza kuwa kivutio cha watalii asubuhi na nyara halali jioni, akiwa ametembea kilomita chache tu.

Makala hii inaeleza asili ya tofauti hiyo, hoja za kila upande, na njia zilizotumika kwingine pale ambapo wenyeji wengi wanamiliki kitu kimoja, kuanzia gorila wa Virunga na dubu wa Ulaya hadi Msitu wa Mgori mkoani Singida.

Eneo na tembo wake

Hifadhi ya Taifa ya Amboseli iko katika Kaunti ya Kajiado, kusini mwa Kenya, chini ya Mlima Kilimanjaro. Ilipata hadhi ya hifadhi ya taifa mwaka 1974 na ina ukubwa wa kilomita za mraba 392 tu. Eneo hilo ni dogo mno kuwatosha tembo wanaolitumia, ambao ni karibu 2,000. Kinachowavuta ni maji. Mvua na theluji ya Kilimanjaro hupenya ardhini upande wa Tanzania na kutokeza upande wa Kenya katika vinamasi vya Enkongo Narok na Longinye, ambavyo havikauki hata wakati wa kiangazi.

Mvua zinaponyesha, tembo hutawanyika kutafuta malisho. Wengine huenda kaskazini na mashariki katika ardhi za Wamaasai wa Kenya. Wengine huvuka mpaka na kuingia wilaya ya Longido, mkoani Arusha. Huko hupita katika Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori Enduimet, iliyoundwa na vijiji vya Kilimanjaro Magharibi, na kupanda hadi misitu ya mlimani kupitia ushoroba wa Kitendeni. Ushoroba ni njia ya asili inayounganisha makazi mawili ya wanyama. Ukizibwa na mashamba au makazi ya watu, kundi hukatwa vipande.

Tembo hao wanajulikana kuliko karibu wengine wote Afrika. Tangu mwaka 1972 watafiti wakiongozwa na Cynthia Moss wamekuwa wakiwatambua mmoja mmoja kwa alama za masikio na umbo la pembe, na kuandika kuzaliwa kwao, ukoo wao na vifo vyao. Kwa sababu hiyo, tembo anapotoweka Amboseli, kuna watu wanaoweza kusema ni nani, mama yake alikuwa nani, na alikuwa na umri gani.

Sheria mbili kwa kundi moja

Mpaka unaopita hapo ulichorwa na Waingereza na Wajerumani kwa makubaliano ya mwaka 1886. Hawakuzingatia malisho ya mifugo ya Wamaasai wala njia za wanyamapori. Hata hivyo, kwa miaka mingi sheria za uwindaji za pande mbili zilifanana: ukoloni uliruhusu uwindaji kwa leseni, na nchi zote mbili ziliuendeleza baada ya uhuru.

Tofauti ilijitokeza miaka ya 1970. Tanzania ilisimamisha uwindaji mwaka 1973, ikaufungua tena mwaka 1978. Kenya iliupiga marufuku Mei 1977 na haijaufungua tena. Ina maana kwamba kwa kipindi kifupi, kati ya 1977 na 1978, nchi zote mbili zilikuwa zimefunga uwindaji, kisha kila moja ikashika njia yake. Mwaka huohuo wa 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ya awali ilivunjika na mpaka ukafungwa hadi mwaka 1983. Wakati ambapo nchi hizi zilihitaji zaidi kukaa meza moja kuhusu wanyama wao, meza yenyewe haikuwapo.

Miaka ya 1980 ujangili uliwamaliza tembo pande zote. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopendekeza biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ipigwe marufuku. Kenya ilichoma tani 12 za pembe mbele ya macho ya dunia Julai 1989. Na mwaka huohuo tembo wa Afrika aliingizwa katika Kiambatisho cha I cha CITES, yaani Mkataba wa Kimataifa wa Biashara ya Viumbe Walio Hatarini Kutoweka. Tanzania iliendesha Operesheni Uhai dhidi ya majangili kuanzia mwaka 1989. Kwa hiyo si kweli kwamba nchi moja hupenda tembo na nyingine huwachukia. Zote zilipigana vita vilevile. Zilichotofautiana ni namna ya kulipia gharama za ulinzi baada ya vita.

Kiambatisho cha I kinazuia biashara, lakini kinaruhusu mwindaji kusafirisha nyara zake binafsi kwa vibali. Tanzania imekuwa na mgawo wa tembo 50, sawa na pembe 100, kwa mwaka. Kanuni zake zinataka tembo anayewindwa awe na pembe yenye urefu wa angalau sentimita 160 au uzito wa angalau kilo 20, ili vijana na majike wasiguswe.

Makubaliano ya mwaka 1995

Mwishoni mwa mwaka 1994 madume kadhaa waliofahamika katika utafiti wa Amboseli waliuawa na wawindaji wenye leseni upande wa Longido. Habari hizo zilizua malalamiko makubwa Kenya na nje ya Afrika Mashariki. Mwaka 1995 yalifikiwa makubaliano kwamba tembo wasiwindwe katika eneo hilo la mpakani.

Makubaliano hayo yaliheshimiwa kwa karibu miongo mitatu, na katika muda huo madume wengi walizeeka na kuota pembe ndefu kiasi cha kugusa ardhi. Lakini yalikuwa na udhaifu mmoja: yalisimama juu ya maelewano, hayakuwa sheria. Hayakuwekwa katika kanuni za uwindaji za Tanzania, wala katika mkataba wa nchi mbili uliosajiliwa. Maelewano ya namna hiyo hudumu maadamu waliyoyafanya wapo ofisini na wanakumbuka sababu zake.

Matukio ya 2023 na 2024

Septemba 2023 dume aliyeitwa Gilgil, mwenye umri wa takriban miaka 35, aliuawa katika eneo la Enduimet. Hadi mwanzoni mwa mwaka 2024 angalau madume watano walikuwa wamepigwa risasi katika ukanda huo. Baadhi ya mizoga ilichomwa moto, jambo lililofanya utambuzi wa tembo mmoja mmoja uwe mgumu. Juni 2024 kundi la wanasayansi lilichapisha barua katika jarida la Science likitaka uwindaji wa tembo usimamishwe katika ukanda huo.

Hakuna sheria ya Tanzania iliyovunjwa kwa tendo la kuwinda tembo mwenye pembe kubwa kwa leseni ndani ya kitalu cha uwindaji. Hili ndilo linaloufanya mgogoro huu uwe tofauti na ujangili. Jangili hukamatwa, hapa hakuna wa kukamatwa. Swali lililobaki ni kama sheria ya nchi moja inatosha kuamua juu ya mnyama anayetumiwa na nchi mbili.

Hoja za wanaounga mkono uwindaji

Wanaotetea uwindaji wa kitalii wana hoja zinazostahili kusikilizwa.

Kwanza ni hoja ya mamlaka. Kila nchi ina haki ya kutumia maliasili zilizo ndani ya mipaka yake, na tembo hana pasipoti. Aliyelala Amboseli jana na kula mahindi Longido leo, leo yuko Tanzania, na madhara yake yanaipata Tanzania.

Pili ni hoja ya fedha. Sehemu nyingi zenye wanyama hazina hoteli wala barabara nzuri, na watalii wa kupiga picha hawafiki. Vitalu vya uwindaji hulipa ada hata mahali kama hapo, na sehemu ya mapato huenda kwenye uhifadhi, halmashauri za wilaya na jumuiya za vijiji. Nchini Botswana, ambako uwindaji ulifungwa mwaka 2014, serikali iliufungua tena mwaka 2019 baada ya malalamiko ya wananchi waliokuwa wakipoteza kipato na mazao.

Tatu ni hoja ya idadi. Sensa zinaonyesha Tanzania ilikuwa na tembo 109,051 mwaka 2009, wakashuka hadi 43,330 mwaka 2014 kwa sababu ya ujangili, kisha wakaanza kuongezeka na kufikia takriban 60,000. Tembo 50 kati ya 60,000 ni chini ya mmoja katika kila 1,000.

Hoja za wanaopinga

Wapinzani hujibu kwamba hesabu hiyo ni sahihi kwa nchi nzima na si sahihi kwa kundi moja. Tembo wa Amboseli hawafidiwi na tembo wa Nyerere au Ruaha, ambao hawakutani nao kamwe.

Hutaja pia hasara ya kiuchumi. Dume mkubwa anayepigwa picha na watalii kwa miaka 20 huingiza fedha kila mwaka. Anayepigwa risasi huingiza mara moja. Kwa bahati mbaya, mapato hayo mawili hayaingii mfuko mmoja. Ya picha huenda zaidi Kenya, ya risasi huenda Tanzania, kwa hiyo kulinganisha lipi kubwa hakumsaidii anayepokea dogo.

Hoja nyingine inahusu tabia ya wanyama. Tembo wa Amboseli wamezoea magari, na dume mzee huendelea kula gari likiwa mita chache kutoka kwake. Tembo pia hujifunza. Utafiti uliofanyika Amboseli na kuchapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba tembo huogopa zaidi nguo zilizovaliwa na wanaume wa Kimaasai, ambao huwachoma mikuki mara nyingine, kuliko nguo za Wakamba, ambao ni wakulima. Tembo anayejifunza kwamba watu na magari ni hatari anaweza kuwa hatari zaidi kwa wachungaji, wanawake wanaochota maji na watoto waendao shule, pande zote za mpaka.

Kwa nini idadi peke yake haitoshi

Mwanafunzi anayesoma hesabu za uwindaji anapaswa kuuliza maswali mawili: wangapi, na akina nani.

Mimba ya tembo huchukua miezi 22, na ndama hulelewa na ukoo wa majike. Dume huondoka katika familia akiwa na umri wa kati ya miaka 10 na 15 hivi. Huanza kupata vipindi vya ashiki kali vinavyomwezesha kushindana na wenzake akikaribia miaka 30, na uwezo wake wa kuzaa hufikia kilele baada ya miaka 40. Pembe zake hukua maisha yake yote. Kwa hiyo kanuni ya pembe ya kilo 20, iliyowekwa kwa nia njema ili kuwalinda vijana, ndiyo inayomwelekeza mwindaji kwa madume ambao ndio kwanza wameingia miaka yao bora ya kuzaa.

Mfano wa hesabu unasaidia. Chukulia kundi la tembo 2,000. Ukiwaondoa watano, umepoteza robo ya asilimia moja. Lakini chukulia kwamba katika kundi hilo madume wenye pembe kubwa kabisa ni kumi tu. Watano wakitoka miongoni mwao, umepoteza nusu, na pengo hilo haliwezi kujazwa kabla ya miaka 20 au 30 kupita. Hesabu zote mbili ni sahihi. Ya kwanza hutumiwa kutoa leseni. Ya pili ndiyo inayoonyesha hali ya kundi miaka 30 ijayo.

Madume wazee wana kazi nyingine pia. Vijana huwafuata, hujifunza kwao njia za kuelekea maji na malisho, na hutulia mbele yao. Nchini Afrika Kusini, vijana wa tembo waliohamishiwa hifadhi ya Pilanesberg bila wazee walianza kuua vifaru katika miaka ya 1990. Madume wakubwa walipoletwa, fujo hiyo ilikoma.

Wananchi wa mpakani

Mjadala wa tembo huendeshwa zaidi na watu wasioishi nao. Mkulima wa Kamwanga au Irkaswa anaweza kupoteza shamba la mahindi usiku mmoja. Mfugaji wa Sinya au Tinga Tinga hugombania maji nao wakati wa kiangazi.

Nchi mbili huwatendea watu hawa kwa namna tofauti. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 inatambua fidia, na inataja shilingi za Kenya milioni 5 kwa familia ya mtu aliyeuawa na mnyama. Tanzania haitumii neno fidia. Chini ya sheria yake ya mwaka 2009, mwananchi hupewa kifuta jasho kwa mazao au mifugo, na kifuta machozi kwa kifo au jeraha. Majina yenyewe yanaeleza: si malipo ya hasara bali ni pole. Kwa upande mwingine, fidia ya Kenya ni kubwa kwenye karatasi, lakini kuchelewa kwake kumekuwa lalamiko la kudumu la wananchi.

Upande wa Kenya nao hauna mikono safi. Mashamba ya pamoja ya Wamaasai kuzunguka Amboseli yamegawanywa viwanja, na uzio umeongezeka. Mwaka 2021 mamlaka ya mazingira ya nchi hiyo ilifuta kibali cha shamba la maparachichi lililokuwa limezungushiwa uzio karibu na Kimana, katika njia ya tembo. Ushoroba ukizibwa kaskazini, tembo wengi zaidi watategemea upande wa kusini. Kuilaumu risasi ya Longido na kunyamazia waya wa Kajiado ni kutazama nusu ya tatizo.

Mikataba na taasisi zilizopo

Nchi hizi hazikosi mikataba. Ibara ya 116 ya Mkataba wa kuanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki wa mwaka 1999 inazitaka nchi wanachama kuwa na sera ya pamoja ya uhifadhi wa wanyamapori ndani na nje ya maeneo yaliyohifadhiwa. Mkataba wa Lusaka wa mwaka 1994, ambao Kenya na Tanzania ni wanachama wake, unahusu ushirikiano dhidi ya biashara haramu ya wanyamapori, na kikosi chake kina makao Nairobi. Kwa upande wa utafiti, wataalamu wa nchi mbili waliwahi kuhesabu wanyama kwa ndege kwa pamoja katika ukanda wa Amboseli, Kilimanjaro Magharibi, Natron na Magadi, mwaka 2010 na 2013.

Mahakama pia imewahi kugusa suala la mfumo ikolojia wa pamoja. Tarehe 20 Juni 2014 Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, yenye makao Arusha, iliizuia Tanzania kujenga barabara ya lami kupitia kaskazini mwa Serengeti. Kesi hiyo ilifunguliwa mwaka 2010 na shirika la Kenya la kutetea wanyama. Hukumu hiyo ilionyesha kwamba jambo linalofanyika ndani ya nchi moja linaweza kupimwa kwa wajibu wake kwa mkataba wa Jumuiya.

Kilichokosekana ni chombo cha kuamua mambo madogo kabla hayajawa makubwa: tembo wangapi wawindwe wapi, nani aarifiwe, na nani alipwe. Mkataba wa Lusaka unahusu ujangili, si uwindaji halali. Mgawo wa uwindaji hupangwa Dodoma. Sensa ya Amboseli hufanywa Kenya. Na hakuna sheria inayolazimisha karatasi hizo mbili zikutane. Tanzania pia ni mwanachama wa SADC, ambako nchi nyingi huruhusu uwindaji wa kitalii, ilhali Kenya si mwanachama. Hivyo kila nchi ina marafiki wanaoiunga mkono katika msimamo wake.

Mifano ya kwingineko

Katika milima ya Virunga, gorila wa milimani huvuka mipaka ya Rwanda, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Nchi hizo zimepitia vita na kutoaminiana, lakini walinzi wake wamefanya doria na sensa za pamoja, na mwaka 2015 zilitia saini mkataba wa ushirikiano. Idadi ya gorila hao ilifikia 1,063 kwa makadirio yaliyotolewa baada ya sensa za miaka ya 2010. Jambo lililorahisisha kazi ni kwamba nchi zote tatu zinakubaliana gorila asiwindwe.

Kusini mwa Afrika, Angola, Botswana, Namibia, Zambia na Zimbabwe zilitia saini mkataba wa eneo la pamoja la KAZA mwaka 2011. Mwaka 2022 zilihesabu tembo wa eneo lote kwa mpango mmoja na kupata makadirio ya 227,900. Nchi hizo hazina sera zinazofanana katika kila jambo, lakini sasa zinabishana zikiwa na takwimu moja.

Mfano ulio karibu zaidi na wa Longido unatoka Ulaya na unahusu dubu kahawia. Kuanzia mwaka 1999 dubu kumi kutoka Slovenia, ambako idadi fulani huruhusiwa kuuawa kila mwaka, waliachiliwa katika milima ya Trentino nchini Italia, ambako dubu analindwa. Mwaka 2006 kijana mmoja wa kizazi hicho, aliyepewa jina la Bruno, alivuka Austria na kuingia Ujerumani, nchi iliyokuwa haijaona dubu wa mwituni kwa zaidi ya miaka 150. Aliua kondoo na kuvunja mizinga ya nyuki, na Juni 26 mwaka huo alipigwa risasi kwa idhini ya serikali ya Bavaria. Italia, iliyogharimia kurudishwa kwa dubu, ililalamika. Bavaria ilijibu kwamba ilikuwa ikilinda watu wake. Mwaka 2008 Tume ya Ulaya ilitoa mwongozo unaoshauri wanyama wakubwa walao nyama wasimamiwe kwa kundi lao la asili, si kwa nchi: kwanza nchi husika zikubaliane kundi lina wanyama wangapi na linaweza kupoteza wangapi, ndipo kila nchi igawiwe sehemu yake. Mwongozo huo haukatazi kuwinda. Unakataza kila mmoja kuhesabu peke yake.

Somo la Mgori

Kanuni hiyo haikuanzia Ulaya. Msitu wa Mgori, katika wilaya ya Singida, ni msitu wa miombo wenye takriban hekta 40,000. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulikuwa ukipungua kwa moto, ukataji na mashamba mapya. Serikali ilikusudia kuufanya hifadhi yake. Badala yake, katikati ya miaka hiyo, usimamizi ulikabidhiwa vijiji vitano vinavyouzunguka: Pohama, Ngimu, Unyampanda, Mughunga na Nduamughanga. Kila kijiji kilipewa sehemu yake, kikatunga sheria ndogo na kuteua walinzi. Mgori na Duru-Haitemba ya Babati ni miongoni mwa misitu iliyofungua njia kwa misitu ya vijiji kutambuliwa katika Sheria ya Misitu ya mwaka 2002.

Funzo linalohusu mada hii ni rahisi. Vijiji vitano havikuwa na msitu mitano. Vilikuwa na mmoja. Kijiji kimoja kingeruhusu mkaa bila kikomo, ulinzi wa vinne vingine ungekuwa kazi bure, kwa kuwa mkata miti angehamia tu upande usiolindwa. Kwa hiyo vilihitaji kukubaliana mipaka na kulinganisha sheria, bila kijiji chochote kupoteza mamlaka juu ya sehemu yake.

Mkoa wa Singida wenyewe unaifahamu shida ya tembo. Mapori ya akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi yako upande wa Manyoni, na ushoroba wa wanyama unaunganisha Muhesi na Swagaswaga mkoani Dodoma. Tembo akivuka kutoka mkoa hadi mkoa, kuna wizara moja ya kuamua. Hapo ndipo mfano wa Mgori unapofikia ukomo: vijiji vikigombana, vina halmashauri ya wilaya juu yao. Kenya na Tanzania hazina wa kuwaamulia kwa urahisi huo, isipokuwa Jumuiya ambayo zenyewe zimeiunda.

Hatua zinazowezekana

Si lazima Tanzania ifunge uwindaji wote, wala Kenya iufungue. Yapo mambo ambayo nchi mbili zinaweza kukubaliana bila kubadili falsafa zao.

La kwanza ni kuyaandika makubaliano ya mwaka 1995 katika kanuni, kwa kutaja ukanda wa mpakani ambamo tembo hawindwi, ili yasitegemee kumbukumbu za maofisa. La pili ni kurudia sensa ya pamoja mara kwa mara na kuitumia katika kupanga mgawo. La tatu ni kuarifiana: upande mmoja unapokusudia kutoa leseni, kujenga uzio au kugawa ardhi ndani ya ushoroba, upande wa pili ujue mapema.

La nne ndilo gumu kuliko yote. Vijiji vya Enduimet vikiombwa kuacha mapato ya uwindaji ili watalii wa Amboseli wapate tembo wa kuwapiga picha, ni haki vipate sehemu ya fedha za picha hizo. Bila hivyo, mwananchi wa Longido anaombwa kumtunza ng'ombe ambaye maziwa yake yanakamuliwa kwa jirani. Mpango wa kugawana mapato kati ya nchi mbili ungehitaji hesabu za wazi na uaminifu mkubwa, lakini ndio ungempa mwanakijiji sababu ya kumwacha dume mzee apite.

Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira (IUCN) ulimweka tembo wa savana katika kundi la wanyama walio hatarini mwaka 2021. Dume aliyezaliwa Amboseli katika mwaka wa matukio ya Longido atafikia kilele cha uwezo wake wa kuzaa baada ya mwaka 2063. Hadi wakati huo, pembe zake zitakuwa zimevuka mpaka huo mara nyingi.